Umehamia nchi ya mwenzi wako: namna ya kutafuta kazi, hatua kwa hatua

Mtu aliyehamia nchi ya mume au mke wake ana msaada mkubwa na kikwazo kikubwa, na vyote viwili vinalala naye kitanda kimoja. Mwenzi wako ni mwenyeji. Anajua lugha, anajua njia, ana ndugu na marafiki. Lakini kwa sababu ni mwenyeji, hajawahi kuwa mgeni nchini kwake. Hajawahi kuomba kibali cha kuishi pale, hajawahi kupeleka shahada yake ikapimwe, wala hajawahi kuulizwa kama ana uzoefu wa "hapa kwetu". Ukimwuliza mambo hayo atakujibu kwa upendo na kwa uhakika, na mara nyingi atakuwa amekosea. Na kama naye aliishi nje kwa miaka kabla hamjarudi, soko la kazi analolikumbuka ni la enzi zake.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jifunze kugawa maswali. Yanayohusu vibali, vyeti na namba yapeleke ofisini. Yanayohusu watu, desturi za kazini na namna ya kusema jambo, hayo muulize mwenzi wako, maana hapo hakuna ofisi itakayomshinda.

Hatua ya 1: Soma kibali chako kinasema nini kuhusu kazi

Kuoana na raia ni jambo moja, ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Kila nchi ina namna yake, na hata ndani ya nchi moja mlango ulioingilia hubadilisha kila kitu.

Chukua Marekani. Anayeingia na viza ya uhamiaji ya mwenzi (CR1 au IR1) anaweza kuanza kazi mara tu anapopokelewa mpakani, kwa sababu amekwisha kuwa mkaazi wa kudumu. Anayeingia na viza ya mchumba (K-1) anatakiwa kufunga ndoa ndani ya siku 90, kisha aombe kubadilishiwa hadhi, na aombe kibali cha kazi kwa fomu ya I-765. Hapo katikati anasubiri, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi. Watu wawili wenye ndoa zinazofanana kabisa, mmoja anakwenda kazini wiki ya pili, mwingine anakaa nyumbani akitazama sanduku la barua. Uingereza nako viza ya mwenzi inaruhusu kazi, ile ya mchumba hairuhusu. Japani, mwenye hadhi ya mwenzi wa Mjapani hana kizuizi cha aina ya kazi. Kenya na Tanzania, pasi ya mtegemezi peke yake haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Unahitaji kibali kingine juu yake.

Umoja wa Ulaya una kituko chake. Maelekezo ya 2004/38, sheria ya Umoja huo kuhusu raia na familia zao, yanawapa wanandoa wa raia wa Ulaya haki ya kufanya kazi, lakini yameandikwa kwa ajili ya raia anayeishi nchi nyingine ya Umoja huo. Mke wa Mfaransa wanaoishi Ubelgiji anaangukia humo. Mke wa Mfaransa wanaoishi Ufaransa anaangukia sheria za Ufaransa zenyewe. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako aliye nchi jirani unaweza kukupotosha hata kama kila neno alilosema ni kweli kwake yeye.

Ukishapata kibali, kisome. Kadi za Ujerumani huandikwa "Erwerbstätigkeit erlaubt" (kazi inaruhusiwa), za Uholanzi "Arbeid vrij toegestaan" (kazi inaruhusiwa bila kizuizi). Mwajiri anatafuta maneno hayo mawili matatu kabla hajatazama kingine chochote. Uingereza siku hizi hadhi hiyo iko mtandaoni: unaingia kwenye akaunti yako ya serikali, unatoa msimbo (share code) wa kumpa mwajiri, naye anathibitisha mwenyewe. Msimbo huo hudumu siku 90, kwa hiyo usiutoe mapema ukauweka kama akiba.

Kama bado unasubiri kibali, tahadhari na vitu vinavyoonekana si kazi: kumsaidia shemeji dukani "kidogo tu", kujitolea mahali ambapo wengine wanalipwa, au kuendelea na kazi yako ya zamani kwa kompyuta ukiwa sebuleni. Nchi nyingi huhesabu kazi kwa mahali mwili wako ulipo, si mahali mshahara unakotoka. Uliza kwanza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Hatua ya 2: Fungua mnyororo wa anwani, namba na benki

Karibu kila mahali kuna mnyororo: anwani inazaa namba, namba inazaa akaunti ya benki, akaunti inazaa mshahara. Pete ya kwanza ikikosekana, zote zinakwama. Tatizo la anayehamia kwa mwenzi ni kwamba nyumba ipo tayari, na kila kitu ndani yake kina jina la mwenzi: mkataba wa pango, umeme, maji, intaneti. Wewe kwenye karatasi haupo.

Anza hapo. Wiki ya kwanza, jina lako liingie kwenye mkataba wa nyumba au kwenye barua ya mwenye nyumba, na bili moja angalau iwe na majina yenu wote wawili. Ujerumani unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wakaazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie, na namba ya kodi inakuja kwa posta baadaye. Hapo ndipo penye mtego usioandikwa kwenye fomu yoyote: kama jina lako halipo kwenye sanduku la barua mlangoni, tarishi anairudisha barua. Unaweza kusubiri namba wiki nzima na zaidi kumbe ilikwisha fika na kuondoka. Kipande cha karatasi na gundi ndiyo dawa.

Namba zenyewe zina majina mbalimbali. Marekani ni ya hifadhi ya jamii, Uingereza ni ya bima ya taifa, Uswidi ni namba ya mtu. Usiache kuomba kazi eti kwa sababu namba bado. Uingereza, kwa mfano, unaweza kuanza kazi kabla namba ya bima haijafika, mradi uthibitishe haki yako ya kufanya kazi. Marekani, anayeomba viza ya uhamiaji anaweza kuomba namba palepale kwenye fomu ya viza, hivyo hana haja ya kupanga foleni akifika.

Akaunti ya benki iwe ya jina lako. Ya pamoja ni sawa kwa matumizi ya nyumba, lakini mshahara wako uingie kwako.

Hatua ya 3: Vyeti, na hapa usiharakishe

Hii ndiyo hatua inayowakwamisha wengi, na kazi yake kubwa hufanyika kabla ya kupanda ndege. Ukiwa bado nchini kwako, chuo kiko jirani, mwajiri wa zamani anakukumbuka, na muhuri unapatikana kwa kwenda mwenyewe. Ukishavuka mipaka, kila karatasi inakuwa ombi kwa binamu.

Kwanza, jina. Vyeti vya shule vinasoma jina la kuzaliwa. Pasipoti mpya inasoma jina la ndoa. Barua ya mwajiri inasoma lile la nyumbani ambalo kila mtu alikuita. Ofisi ya ugenini inaona watu watatu. Ukiweza, acha kubadili jina mpaka vyeti vimekwisha tambuliwa na kibali kimetoka. Ikiwa umekwisha kulibadili, cheti cha ndoa kilichothibitishwa kiambatane na kila ombi, na tafsiri yake, hata pale ambapo hawajakiomba.

Pili, barua za kazi. Barua ya sifa nzuri kwamba ulikuwa mtu mwaminifu na mchapakazi haisaidii kitu. Inayosaidia imeandikwa hivi: cheo chako, tarehe uliyoanza na uliyomaliza, kwa siku na mwezi, saa kwa wiki, majukumu, moja moja, kwa vitenzi, vifaa au mifumo uliyotumia, jina na cheo cha anayesaini, simu na barua pepe ya ofisi, isiwe ya binafsi, muhuri. Iandike mwenyewe kama rasimu, umpelekee msimamizi airekebishe na kuiweka kwenye karatasi ya kampuni. Wasimamizi wengi watakushukuru kwa kuwapunguzia kazi. Kumbuka kwamba zile saa kwa wiki ndizo zinazoulizwa sana na wanaopima uzoefu, na ndizo ambazo karibu barua zote husahau.

Tatu, muhuri wa kimataifa. Nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Hague wa 1961 hutumia apostili: cheti kimoja kinachobandikwa kwenye hati na kinatosha. Burundi imo tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Kama nchi yako au unayokwenda haimo, hati hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na foleni hizo mbili zinaweza kula muda. Ulizia ubalozi husika utaratibu wa sasa, maana orodha ya wanachama inakua. Tafsiri nayo iache ifanyike kule unakokwenda, na mtafsiri aliyeapishwa kule. Zinazofanywa nyumbani mara nyingi hukataliwa na unalipa mara mbili.

Sasa ndipo tunafika kwenye swali lenyewe: je, taaluma yako inadhibitiwa kisheria au la?

Zinazodhibitiwa ni kama udaktari, uuguzi, ualimu wa shule za umma, uanasheria, na katika nchi nyingi ufundi umeme na gesi. Hizo huwezi kuzifanya bila kusajiliwa na bodi ya kule, hata kama ulizifanya miaka ishirini. Muuguzi anayekwenda Uingereza anafanya mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo, na anathibitisha Kiingereza. Akienda Marekani anakutana na mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Ujerumani anaombwa kutambuliwa kwa mafunzo yake na Kijerumani cha kiwango cha B2 kwa kawaida (ngazi za lugha za Ulaya huanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2). Taaluma ni ileile, mtu ni yuleyule, njia ni tatu. Anza kuandikiana na bodi hiyo mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu bodi nyingi hutaka chuo chako kiwatumie matokeo moja kwa moja, na chuo chako kina kasi yake.

Zisizodhibitiwa ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri: uhasibu wa ndani ya kampuni, programu za kompyuta, mauzo, uandishi, upishi, usimamizi wa ghala. Huko hakuna anayekuzuia kuomba kazi kesho asubuhi. Kinachosaidia ni karatasi inayomweleza mwajiri shahada yako inalingana na nini kwao. Uingereza hutolewa na ofisi iitwayo ENIC, Uswidi na UHR, Ujerumani na ZAB. Ujerumani pia ina hifadhidata ya anabin, ambayo unaweza kutafuta chuo chako bure kabla hujalipia lolote. Tangu 2012 sheria ya kule inampa mtu haki ya kupimiwa mafunzo yake bila kujali uraia wake, jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Lakini usilipe upimaji kwa sababu tu upo. Tazama matangazo ya kazi unazozitaka. Kama hakuna linaloulizia, pesa hiyo itumie kwenye lugha.

Hatua ya 4: Lugha ya viza na lugha ya kazi ni vitu viwili

Ujerumani humwomba mwenzi anayehamia Kijerumani cha A1 kabla ya viza, isipokuwa kwa walio kwenye misamaha. Uingereza nayo inataka Kiingereza cha A1 kwa ombi la kwanza la mwenzi. Kwa A1 unajitambulisha na kununua tiketi. Haikufikishi kwenye kikao cha kazi. Ofisi nyingi hutaka B1 kwenda juu, zile za kuhudumia wateja B2. Ghala, usafi wa ofisi na jikoni huanzia chini zaidi, na kampuni za teknolojia wakati mwingine huendesha kila kitu kwa Kiingereza popote zilipo.

Tumia kinachotolewa na serikali. Kozi ya ujumuishaji ya Ujerumani kwa kawaida ina saa 600 za lugha na saa 100 za kuijua nchi. Uswidi inafundisha lugha bure kwa wahamiaji watu wazima. Jiandikishe mara tu unaporuhusiwa, kwa sababu foleni ni ndefu, na darasani ndipo utakapokutana na watu walio kwenye hali yako, ambao wengine walishapata kazi jana.

Nyumbani kuna kikwazo chake. Wanandoa wengi wa nchi mbili huzungumza lugha ya tatu, ile waliyokutania. Ni vigumu kuiacha, maana ndiyo lugha ya mapenzi yenu. Msiiache. Chagueni saa moja ya siku, au chakula kimoja, ambapo mnasema lugha ya pale tu, hata kama mnachosema ni kwamba chumvi imezidi.

Na fanyeni zoezi hili, ambalo naliona lina thamani kuliko vitabu vingi. Mwenzi wako aende chumba kingine, akupigie simu kama mwajiri, bila kukuonya. Aseme haraka, kama wanavyosema kweli. Ajitaje kwa jina la kampuni uliyoiombea. Simu ndipo wageni wengi hupoteza kazi, kwa sababu uso haupo, midomo haionekani, na mtu anaogopa kusema "samahani, sijakupata, tafadhali rudia". Kariri sentensi hiyo kwanza. Kariri pia hii: "Naomba unitumie maelezo hayo kwa barua pepe ili niyathibitishe."

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo: mwenzi wako asiwapigie waajiri kwa niaba yako. Najua inaonekana rahisi, na yeye atajitolea. Anayepokea simu ile hamwoni mwombaji, anamwona mume au mke anayemsemea mtu mzima, na swali la kwanza linalomjia ni kama huyu ataweza kusema na wateja. Afadhali upige mwenyewe kwa kubabaika.

Hatua ya 5: Andika wasifu upya, usiutafsiri

Wasifu uliokupatia kazi nyumbani uliandikwa kwa wasomaji wanaojua chuo chako na kampuni yako. Kule hakuna anayezijua. Jina la kampuni lililokuwa likitetemesha watu sasa ni herufi tu. Kwa hiyo lieleze kwa ukubwa na kazi yake.

Badala ya:
"Msimamizi wa Fedha, Kampuni ya Mfano Ltd."

Andika:
"Msimamizi wa Fedha, msambazaji wa dawa mwenye wafanyakazi 140 na matawi 6. Niliongoza watu 4, nilifunga hesabu za kila mwezi, niliandaa taarifa za kodi na kukabidhi hesabu kwa wakaguzi wa nje."

Msomaji wa pili haulizi kampuni hiyo ni ipi. Ameshaona kazi.

Juu kabisa, chini ya jina lako, andika mstari mmoja: una kibali cha kuishi na ruhusa kamili ya kufanya kazi, huhitaji kudhaminiwa viza. Waajiri wengi wanapoona jina geni na shahada ya nje hudhani kuna gharama ya viza, wanaweka pembeni. Mstari huo unawaondolea hofu hiyo.

Pengo la miezi uliyohama usilifiche wala usilieleze sana. "2024–2025: kuhama kwa sababu za kifamilia, kozi ya lugha" inatosha. Picha na tarehe ya kuzaliwa fuata desturi ya kule: Marekani na Uingereza haziwekwi, Ujerumani picha bado ni ya kawaida ingawa hakuna anayeweza kukulazimisha. Hapa mwenzi wako ana kazi nzuri ya kufanya, kusoma kila barua kabla haijatumwa, arekebishe lugha na kukuambia wapi unajisifu kupita kiasi au kujishusha kupita kiasi kwa masikio ya kule. Kuandika, andika wewe.

Jiandae pia kwa ukimya. Uchunguzi wa Philip Oreopoulos uliochapishwa 2011 ulituma maelfu ya wasifu kwa waajiri wa eneo la Toronto. Wenye majina ya Kiingereza walipigiwa simu zaidi ya wenye majina ya Kihindi, Kipakistani au Kichina, hata pale ambapo elimu na uzoefu vilikuwa sawa na vyote vilipatikana Kanada. Kwa hiyo usipojibiwa usikimbilie kuamini kwamba hufai. Na usitegemee kutuma maombi peke yake.

Hatua ya 6: Watu, na hasa watu wa mbali kidogo

Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 matokeo ya kuwahoji watu waliobadili kazi karibuni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipewa habari na waliyeonana naye mara chache, wala hakuwa rafiki wa karibu. Sababu yake haihitaji elimu kubwa: wa karibu wanajua unayoyajua, wa mbali wanajua yasiyokufikia.

Anayehamia kwa mwenzi amepewa watu wa mbali wengi bila kujua. Aliyesoma na mkeo. Jirani wa mama mkwe. Kocha wa mpira wa shemeji. Shida ni namna ya kuwaendea. Mwenzi akisema, "Mume wangu anatafuta kazi, hamna nafasi kwenu?" anamweka mtu kwenye kona, naye atasema hapana ili atoke. Akisema, "Mume wangu alikuwa akisimamia maghala, anataka kuelewa kazi hiyo inafanyikaje hapa. Ungeweza kumpa dakika 20?" wengi wanakubali. Kisha wewe, si mwenzi, unakwenda kwenye hizo dakika 20. Uliza wanaitaje cheo chako pale, vyeti gani wanaviheshimu kweli, matangazo yanawekwa wapi. Mwishoni uliza, "Nani mwingine ungenishauri nizungumze naye?" Siku ya pili mtumie ujumbe wa shukrani.

Jumuiya ya watu wa kwenu ughaibuni ni faraja, na itakupa kazi ya kwanza haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Ila angalia kazi hizo ni zipi. Kama wote wako kwenye sekta moja na wote wanasema "sisi hapa tunafanya hii tu," wapende, kula nao, na uendelee kutafuta.

Hatua ya 7: Kazi ya kwanza

Huenda itakuwa chini ya ulichosomea. Hilo si aibu, ila si kila kazi ya chini ina faida sawa. Kabla ya kukubali, jiulize: nitasema na watu kwa lugha ya kule? Nitapata mdhamini wa kumtaja kwenye maombi yajayo? Iko karibu na taaluma yangu? Muuguzi anayesubiri usajili akifanya kazi ya msaidizi kwenye nyumba ya wazee anapata yote matatu. Akipanga maboksi usiku peke yake hapati hata moja, hata kama malipo ni mazuri kidogo. Kama pesa inabana chukua maboksi, lakini andika tarehe utakayoanza tena kutuma maombi, na mwenzi wako aijue.

Kazi ya kuendesha gari ina masharti yake. Leseni ya nje hutumika kwa muda tu: kwa wenye leseni za nchi nyingi zisizo za Ulaya, miezi 12 Uingereza na miezi 6 Ujerumani. Baada ya hapo ni mtihani upya.

Hatua ya 8: Matapeli

Wanaowinda wageni wanajua kwamba hujui bei ya kawaida. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, wazi wala kwa mlango wa nyuma. Anayekuomba pesa ya "kuhifadhi nafasi", "mafunzo ya lazima" au "kufungua faili", muache. Anayetaka kubaki na pasipoti yako hata siku moja, muache upesi zaidi.

Hatua ya 9: Usaili, mkataba na makaratasi ya baadaye

Kwenye usaili watakuuliza umefikaje huko, na chini ya swali hilo kuna lingine: utakaa? Jibu fupi: "Nimehamia hapa kuishi, familia yangu iko hapa." Kisha rudi kwenye kazi. Hadithi ya namna mlivyokutana iache, hata wakiitaka kwa tabasamu.

Mkataba usiusaini siku hiyohiyo. Mpe mwenzi wako ausome, kwa sababu yeye anajua nini ni cha kawaida kule: muda wa majaribio, likizo, makato, notisi. Uliza mshahara unaotajwa ni kabla au baada ya makato.

Ukianza kazi, pasipoti, kibali, vyeti na mkataba vikae mahali unapoweza kuvifikia bila kumwomba mtu, hata katika ndoa ya furaha. Kisha tunza kila hati ya mshahara na kila taarifa ya benki, kwa sababu kibali cha mwenzi huhitaji kuhuishwa. Uingereza, ombi la kwanza lililotumwa kutoka nje halihesabu mshahara wako wa nje, linategemea kipato cha mwenzi wako zaidi. Wakati wa kuongeza muda, mshahara wako wa palepale unaingia kwenye hesabu. Kwa aliyekaa na mwajiri mmoja, huombwa hati za miezi 6 pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha kiasi kilekile kikiingia kwenye akaunti. Marekani, aliyepata ukaazi akiwa na ndoa ya chini ya miaka 2 hupewa kadi ya miaka 2, na fomu ya kuondoa masharti hutumwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Weka tarehe hizo kwenye simu yako na ya mwenzi wako.